Hesabu ya Shimo

Mimi ndiye mtunza fedha wa Kamati ya Shimo.
Usicheke. Tunao muhuri, tunalo daftari la kaunta,
tunayo akaunti yenye shilingi elfu arobaini na mbili
na shimo lenye kina cha minazi minne,
mmoja juu ya mwingine.

Kampuni ilichimba chokaa hapa miaka kumi na tisa,
nyuma ya Pongwe, palipokuwa na mihogo ya kina Semkiwa.
Siku ya kuondoka walituachia tanuri,
mashine ya kusagia mawe iliyonyofolewa mota,
na mlinzi, Kilua, ambaye hadi leo
analinda, halipwi, na hajui alinde nini.

Masika ikaja, maji yakakaa.
Yakawa ya kijani, ya kuvutia, ya uongo.
Mbuzi wa kwanza hatukumwandika.
Mbuzi wa pili hatukumwandika.
Aliandikwa Kibwana wa Mwanatumu, darasa la nne,
aliyefuata mpira.
Ukurasa wa kwanza wa daftari ni wake.
Sikujua nimweke safu ya mapato au ya matumizi.

Bwana wa wilaya alikuja na kofia ngumu.
Akasema: achimbaye huweka dhamana,
fedha ya kufukia hutangulia sululu ya kwanza.
Tukauliza: iko wapi?
Akasema: ipo.
Tukauliza: iko wapi?
Akasema: iko kwenye mchakato.
Nikaandika: mchakato. Nikaacha nafasi ya tarakimu.

Usiku nikapiga hesabu kwa taa ya simu.
Tripu elfu sita na mia nne za kifusi,
kila tripu elfu sabini.
Kaya mia mbili na kumi, elfu moja moja kila mwezi:
miaka mia moja sabini na saba
na miezi tisa,
utadhani mwishoni tutajifungua uwanja.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tulifunzwa.
Hatukufunzwa kwamba ukuta waweza kujengwa mjini
na ufa ukabaki kwetu.

Maana juzi nilikwenda Ngamiani kufuata wino wa muhuri.
Barabara ya Nane, ya Tisa, ya Kumi na Mbili,
nikaduwaa katikati ya baiskeli.
Nyeupe ya msikiti, nyeupe ya zahanati,
nyeupe ya duka la muuza vitenge aliyenipa kiti
akidhani ni jua.
Nikaugusa ukuta, ukaniachia unga kidoleni.
Nikaujua.
Shimo letu halikupotea. Limesimama wima,
limefunguliwa milango, limetiwa madirisha,
watu wanalala ndani yake na kodi wanalipa
kwa mwingine.

Nilitaka kubisha hodi nyumba hadi nyumba:
jamani, mia mia tu, nyie mnao upande wa juu,
sisi tunao wa chini.
Nikaona haya. Nikanunua wino.

Mwanatumu hahudhurii vikao.
Anaotesha mivinje kwenye pakiti tupu za maziwa,
anaipanda ukingoni, hatua mbili mbili,
mahali uzio ungekuwa kama uzio ungekuwapo.
Nilimuuliza gharama, niiandike.
Akanitazama kama anavyoyatazama maji yale.
“Andika ndoo tatu,” akasema. “Za kisimani. Si za humo.”

Nimeandika.
Mapato: mivinje kumi na saba.
Matumizi: wino, ndoo tatu.
Tunachodai: mchakato.
Salio sijalifunga.

Jana Kilua aliniuliza
kama miti ile nayo ni mali ya kampuni.
Nikamwambia si ya kampuni.
Akanyamaza kidogo. Kisha akainuka,
akakikung'uta kigoda chake vumbi jeupe,
akakihamishia kule.