Chini ya Kipimo

Barafu nimeinunua kwa Shekuwe, kwenye ghala la kambakoche.
Gunia limevuja njia nzima, Langoni hadi shuleni,
na maabara sasa inanuka bahari iliyokufa
kabla sijafungua hata kizibo kimoja.

Kwanza ufukuze hewa.
Hewa ni mgeni asiyealikwa: hujificha ndani ya kimiminika,
hunyamaza, kisha husukuma zebaki kwa niaba ya mwenyeji,
nawe ukaandika uongo kwa mwandiko mzuri.
Napoza, navuta kwa pampu, naacha, narudia.
Mara ya nne vipovu vimekwisha.

Asetoni, nyuzi sifuri: milimita sabini.
Nyuzi kumi: mia na kumi na sita.
Nyuzi ishirini: mia themanini na tano,
zebaki inapanda bombani
kama mtoto aliyeitiwa halua.
Hii haina subira. Imwage kiganjani,
itakwenda zake, ikuachie baridi ya kuulizia ilikokwenda.
Spiriti ina adabu kidogo: arubaini na nne,
huaga mara tatu mlangoni ndipo itoke.

Wanafunzi huniuliza,
Mwalimu, katika chupa iliyofungwa
mvuke ukiacha kuongezeka, umechoka?
Haujachoka. Wanaotoka wangali wanatoka,
ila wanaorudi wamefikia idadi yao.
Wanaandika. Sijui kama wananiamini.

Mwisho, kutoka mkobani, kichupa cha mama.
Mafuta ya udi, rangi ya chai iliyolala,
kimo cha ukucha. Mwaka wa saba sasa.
Mwana Hidaya alifukiza nguo za maharusi wa Mkomani
na hakuwahi kupima kitu ila kwa pua:
"Hunu haukimbii, mwanangu. Hunu hukaa."
Nikatia matone mawili. Mkono ulitetemeka
kuliko siku niliyoshika asidi mara ya kwanza.

Nyuzi ishirini: kimya.
Thelathini: kimya. Nikaongeza moto hadi hamsini,
nikaligonga bomba kwa kidole.
Zebaki ilisimama sawasawa mikono yote miwili
kama watu wawili wasiotaka kuanza kuzungumza.
Nikaandika mbele ya neno Udi:
chini ya kipimo.

Saa saba umeme ukakatika.
Pampu ikakohoa, panka la ukutani likazunguka
kwa mazoea, likasita, likalala.
Nikafungua bomba nilioshe.

Ilipita samaki. Ilipita spiriti.
Ilipita hata chaki na jasho la darasa la asubuhi.

Bwana Famau, aliyekuja na ufagio, alikwama kizingitini,
akainua pua, akashusha sauti:
"Nani mepita hapa?"

Hakuna, nikasema, hakuna mtu,
na nikaenda kufunga madirisha.