Jani la Fedha

Kwa Bodi ya Kupandisha Vyeo.
Mimi, Meja Warren Thiessen, daktari,
umri hamsini na mbili, mapafu safi, goti moja bovu,
naandika haya jikoni, Fairbanks, saa kumi na moja alfajiri.
Nje zebaki imejikunyata chini kabisa ya kipimajoto,
na kahawa yangu imepoa mara mbili.

Mnaniuliza: miaka kumi na mmoja ulikuwa wapi?
Faili lina pengo, mmesema, kama jino lililong'olewa.
Nilikuwa Nebraska, waheshimiwa.
Nilizalisha wake za wakulima wa mahindi.
Nilikiunga kidole cha Eldon Friesen kilichonaswa na mashine ya kuvunia,
nikalipwa nusu ng'ombe, vipande vipande, kwenye karatasi nyeupe.
Nilimfumba macho baba yangu, ambaye hakupenda sare;
dini yake ilimkataza hata bunduki ya kutishia kunguru,
na siku niliyorudi jeshini
kaburi lake lilikuwa halijaota nyasi.
Miaka hiyo kwenu ni sifuri.
Haya. Hesabu ni zenu.

Nimerudi kwenye cheo kilekile nilichokiacha,
kama mtu aliyesahau koti hotelini,
akarejea, akalikuta linamngoja,
ila linambana kwapani.
Kanali Oyama, anayenipa amri leo,
ni mimi niliyemfundisha kufunga mshipa wa damu
alipokuwa luteni wa miezi mitatu, jasho likimtoka puani.
Sasa nampigia saluti. Naipiga sawasawa.
Mkono haunisumbui.
Kinachonisumbua ni yeye kuangalia pembeni.

Katika jeshi letu dhahabu ni ndogo kwa fedha.
Meja huvaa jani la mwaloni la dhahabu;
anayemzidi huvaa jani lilelile, la fedha.
"Yaani unaomba kushushwa madini?" aliuliza Corinne, mke wangu,
akinifunga koti kwa ajili ya picha,
maana bodi hutaka picha,
na kifungo kikagoma,
tukacheka mpaka nikakohoa.

Sasa niseme lililonileta.
Februari, mazoezini, koplo mmoja, Haskett,
kijana wa Idaho, alilaliwa na gari la theluji.
Nilimgusa tumbo: ubao. Nikajua.
Nikaomba helikopta. Sauti redioni ikauliza,
"Anayeomba ni nani? Cheo?"
Nikasema meja.
Ikasema subiri.
Dakika arobaini na moja.
Sajini Leilua alimsugua vidole, akimsimulia
samaki wa kwao Samoa, wakubwa kuliko mlango,
na theluji ikashuka bila haraka, kama karani.
Helikopta ilipotua
haikuwa na sababu tena ya kuwahi kurudi.

Sijui kama jani la fedha lingemwamsha rubani mapema.
Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ripoti imesema hivyo.
Niliitia sahihi mwenyewe.

Ningeishia hapa, barua ingekuwa nzuri,
na mngenipa cheo huku mkipenga kamasi.
Lakini nimelelewa na mtu asiyeapa,
ndiyo yake ilikuwa ndiyo.
Basi ndiyo: nakitaka pia kwa sababu nakitaka.
Nataka siku moja niingie chumbani watu wasimame
kabla sijafungua mdomo.
Nataka Oyama anitazame usoni.
Hata kabla ya Haskett nilikitaka.
Nimeyafuta maneno haya mara tatu.
Yamerudi mara nne.

Huku hakuchi mpaka saa nne.
Corinne ameamka, amekaa na sindano chini ya taa,
anakihamisha kifungo, sentimita mbili.
Anasema picha ya leo nisibane pumzi.
Anasema nipumue tu, kama mgonjwa
ninayemwekea kipimo kifuani
nikimwambia, tena,
tena.