Mbao ya Kijani

Ngazi yangu ina vipago kumi na vitatu,
kimoja kimefungwa kwa waya.
Kwa ngazi hii nimepandisha misalaba mia moja sitini na miwili,
na mimi si padri.

Wa kwanza ulikuwa mbao tu.
Majira yale Kutaisi haikuwa na umeme.
Bi Tsiala Lomtadze alikuwa na chumba, mshumaa,
mizani ya shaba, na mkasi.
Ule mkasi! Aliukatia karatasi za vidonge,
akauza viwili viwili,
au kimoja, mfuko wako ukisema kimoja.
Akaniambia: Gocha, nichoree msalaba,
watu wanadhani nauza mishumaa.
Nyekundu sikuwa nayo.
Nilikuwa na mabaki ya rangi ya trekta,
kijani cha majani machanga,
nikapaka hicho.
Alinilipa chupa ya dawa ya kikohozi,
deni lililobaki tukalisahau sote wawili,
au mimi nilijifanya.

Kisha likaja duka la stesheni,
kisha la sokoni, ubavuni mwa wauza jibini,
kisha nikaacha kuhesabu kwa vidole.
Nayakumbuka kwa vilivyokuwapo kabla yake.
La tisa: kinyozi Valiko, aliyeninyoa siku ya harusi.
La kumi na saba: mshona viatu,
aliyeondoka na kalibu za miguu ya mtaa mzima
ndani ya gunia, zikigongana.
La arobaini lilikuwa tanuri la mkate;
siku za mvua ukuta bado unanukia chachu,
na wateja huuliza kama kuna dawa ya njaa.
Kufa kufaana, wanasema.
Lakini hapa hakufa mtu.
Walikwenda Ugiriki, walikwenda Italia kulea wazee wa wenzao,
Agosti wanarudi, wanamtafuta Valiko,
wanatoka na dawa ya presha.

Wakaja vijana wa ofisini, kutoka Tbilisi.
Rangi ya trekta wakaipa namba ya tarakimu nne.
Mmoja akanifokea kwamba nimekosea,
kijani changu kimezidi kidogo.
Nikamwambia: kijana,
kosa hili nililianzisha mimi.

Siku moja niko juu, skrubu meno,
nikamsikia Bibi Natela chini akiomba vidonge vinne vya moyo.
Msichana, sare safi, sauti ya upole:
mashine haijui nusu, bibi.
Mgonjwa haulizwi uji.
Aliulizwa kadi ya pointi.
Nami nikaendelea kukaza skrubu,
ningesemaje, mdomo umejaa chuma?

Niseme na lingine, nisije nikawa mchonganishi.
Zamani mpwa wangu Lasha alifuatiwa insulini Batumi,
ikarudi ndani ya jagi la barafu,
mama yake amelipakata basi zima, mapaja yamekufa ganzi.
Leo iko kwenye friji,
hatua mia mbili kutoka kitandani mwa Lasha.
Nilizipima. Msalaba ule niliukaza mara mbili.

Juzi gari jeusi limesimama langoni.
Bi Tsiala mwenyewe, na fimbo, na dereva.
Kampuni inatimiza miaka thelathini, akasema,
wanataka ile mbao, waiweke ndani ya kioo, pale mapokezi.
Unayo?

Mbao ile niliing'oa mwenyewe walipoleta ya taa.
Ndiyo mlango wa banda langu la kuku.
Lamara hucheka: usiku kuku wanapanga foleni,
kila mmoja na cheti chake.

Nikasema: iliungua, Bi Tsiala.
Ile baridi kubwa. Tulichoma hata viti.

Akaniangalia kitambo.
Akanyoosha mkono, akanitoa unyoya begani,
akautia kwenye mkoba wake
taratibu, kama chenji,
akamwambia dereva awashe gari.