Vidakuzi

Waingereza wameviita biskuti.
Ukisikia hivyo unadhani chai inakuja.
Lugha yangu haikubembeleza. Ikatazama, ikamwona
mdakuzi, yule wa kujibanza ukutani
akisikiliza ya nyumba ya pili,
ikampunguza kimo, ikamzidisha idadi,
ikasema: vidakuzi.
Basi. Umeshaambiwa.

Kazini kwangu Rochdale, orofa ya tatu
ya kiwanda kilichokuwa kikifuma pamba,
tunauza mapazia.
Mapazia! Kitu cha watu kujisitiri.
Na mimi mshahara wangu ni wa kuchungulia
nani kaja kutazama, kwa simu gani,
kakawia wapi, katokea mlango upi.

Bi Ollerenshaw anapenda chati ipande.
"Mwana," akasema (Mwanakombo ni refu mno asubuhi),
"kitufe cha Kubali kifanye kijani, kinene.
Cha Kataa..." akapunga mkono
kama afukuzaye nzi.
Nikakipaka kijivu. Nikakizika
chini ya Mipangilio, chini ya Zaidi,
chini ya orodha ya washirika mia moja na kumi na wanne
ambao sijawahi kumwamkia hata mmoja.
Katika kila watu mia, tisini na mmoja wakakubali.
Tukala keki.

Kwetu Pangani hodi zilikuwa tatu.
Ya tatu isipoitikiwa, unarudi na kikapu chako
na hununi.
Hii yetu ni hodi ya wapi?
Mtu ameshaketi, ameshavua viatu,
ameshahesabu vijiko kabatini,
ndipo anabisha, kwa ndani:
"Mwenyeji, waonaje, niingie?"

Bwana Entwistle alipiga simu Novemba.
Alikuwa ametazama pazia moja, la buluu,
mara moja tu, usiku,
la chumba alichougulia mkewe.
Hakununua. Chumba hakina haja tena.
"Lakini binti," akasema, bila hasira,
na hilo ndilo lililonikereketa,
"nikifungua matokeo ya mpira, lipo.
Nikisoma hali ya hewa, lipo.
Nimetafuta dawa ya goti,
lipo pembeni, limepunguzwa bei.
Liambie liache."
Niliambie vipi?
Nilimtafuta kwenye chati, nikamwona:
saa nane na dakika sita usiku,
ukurasa mmoja, dakika kumi na moja.
Tulikuwa tumemwandika "mteja mwenye hamu".

Ijumaa, wenzangu wakiwa wameshuka kuvuta sigara,
nikavipima vile vitufe viwili:
upana sawa, rangi sawa, herufi sawa.
Nikatia na komeo, kidakuzi kisiingie
kabla ya jibu.
Jumatatu chati ilikuwa na shimo.
Thelathini na wanane katika mia.
"Tumepofuka," akasema Bi Ollerenshaw.
Nikamjibu: sheria.
Sheria ipo, sikudanganya,
ila si sheria iliyonituma.
Akalitazama shimo muda mrefu.
Hakusema nilifukie. Wala keki haikuletwa.

Wangapi wanakuja sasa usiku wa manane?
Sijui.
Wanakuja, wanapapasa kitambaa kwa macho,
wanaondoka na yao.

Ningeishia hapo ningejisifu.
Jioni ile ile, kituoni, mvua ya ubavuni,
nikiuliza basi la Milnrow limefika wapi,
simu ikaniinulia bango:
washirika mia nne na wawili wanathamini faragha yangu.
Kijani. Kinene.
Kataa ilikuwa huko, chini ya Mipangilio, chini ya Zaidi;
njia naijua, nimewahi kuichimba kwa mkono wangu.
Lakini kidole kilikuwa kimekufa ganzi
na basi lilikuwa linakata kona.

Nikabonyeza kijani.