Riba ya Nyasi Ndefu

Saa mbili asubuhi, mwezi wa Mei,
Sietske Wiarda anaegesha gari la benki topeni,
anavaa buti za mpira juu ya soksi za ofisini.
Kwapani, mwavuli wenye nembo. Mkononi, faili la Harmen Boonstra:
ng'ombe tisini na wawili, pampu moja,
deni la baba ndani ya deni la mwana.

Friesland haina mahali pa kujificha.
Ni nyasi, halafu mbingu, halafu mtu mmoja na kofia yake.

Katika benki hii hii, babake Sietske alipiga muhuri:
mkopo wa mitaro, mkopo wa pampu,
mkopo wa kusawazisha shamba hata likalala kama shuka lililopigwa pasi.
Maji yakashuka, nyasi zikapanda,
riba ikaingia kwa siku yake.
Hakuna aliyeiba.
Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga;
hii ilikuwa na daftari, nene, lenye jalada la ngozi,
ikapotea vivyo hivyo, ukurasa kwa ukurasa,
maana daftari lilikuwa na safu mbili
na ndege hakuwa na safu.

Skries, ndivyo wamwitavyo huku.
Binamu wa sululu, kifua rangi ya kutu,
mdomo mrefu kama sindano ya kushonea magunia.
Hutoka mipunga ya Gine-Bisau, akavuka jangwa na bahari,
aje kutaga mayai manne
kwenye nyasi ambazo mashine itazifikia
kabla makinda hawajajua kukimbia.

"Ndege hanywi maziwa yangu," asema Harmen, "wala hayanunui."

Sietske habishi. Anatoa karatasi.
Usikate nyasi hadi katikati ya Juni.
Rudisha maji mitaroni.
Nasi tutashusha riba kwa nusu asilimia.

Harmen anahesabu kwa vidole vyenye nyufa.
"Nyasi zilizokomaa hazina nguvu. Maziwa yatapungua.
Lita hizo analipa nani?"
"Benki, nusu. Kiwanda cha jibini, robo."
"Na robo nyingine?"
Upepo. Trekta ya jirani, mbali, ikikohoa.
"Robo ni wewe, Harmen."

Juma lililopita, makao makuu, bwana Terpstra wa kamati
aliuliza kwa upole, akikoroga kahawa:
huyu ndege kwenye mizania anakaa wapi?
Akamjibu: udongo huu ni mboji, tukiukausha unazama.
Nyumba tulizoziwekea rehani zinapasuka kuta.
Tumekopesha kwa dhamana ya ardhi inayoshuka, bwana.
Ndege ametangulia tu kuhama.
Kukopa harusi, kulipa matanga:
sisi tulikula harusi.
Terpstra aliacha kukoroga. Alitoa miaka mitatu, ya majaribio.

Sasa manyunyu. Wanatembea bila kusemezana,
na ghafla kitu kinaruka miguuni mwao
kikipiga kelele za jina lake chenyewe, skries, skries,
kikizunguka juu ya vichwa kama mdai.

Harmen anasimama. Anaangalia chini kwa muda mrefu.
Manne, rangi ya zeituni, yana madoa,
ncha zimeelekezwa katikati kama watu mezani.
Anapiga hatua kumi kurudi nyuma,
ananyoosha mkono bila kumtazama:
"Nipe huo mwavuli."

Anauchomeka udongoni, umefungwa,
nembo ya benki ikielekea upande trekta itakakotokea.
"Hiyo si saini," asema.
"Najua," asema Sietske,
mvua ikimwingia kolani.

Garini, karatasi zimelowa pembe.
Kwenye fomu, mahali palipoandikwa *dhamana*,
anaandika: mayai manne.
Anafuta.
Anatazama kioo kikijaa ukungu,
kisha anaandika tena, kwa wino, na tarehe.