Vidole vya Mafuta

Kioo tulikinunua Mwembe Tayari
kwa fundi aliyekuwa akivunja duka la simu.
Kina ufa pembeni, kama mto usio na jina.
Taa za mwanga usioonekana, Tsuma alizichomelea
moja moja, mia na ishirini na nne,
na stima ikipotea tulikaa gizani
tukihesabu zilizobaki kwa kupapasa.
Chini ya meza, kamera ya Kongowea, shilingi mia nane,
imelala chali kama mtu asiye na usingizi.
Yaona vidole tu. Vidole, si nyuso.

Mradi wenyewe kwenye karatasi uliitwa
*Uhalisia Mseto na Miguso Mingi
katika Usambazaji wa Maji, Tudor.*
Jina ni la Swabra. Alipolitamka nyumbani
mamake aliuliza: mseto wa choroko au wa kunde?

Meza ilikuwa ramani.
Ukiigusa kwa vidole viwili mtaa wafunguka kama kanga.
Watu sita waweza kuishika pamoja
bila mmoja kumpokonya mwenzake.
Na ukivaa miwani
(tulikuwa nayo moja, ya kuazima,
mkanda wake lesi ya kiatu)
waona mabomba ya samawati chini ya nyayo zako,
chini ya kibanda cha makaa, chini ya mbuzi,
na maji yakienda, yakienda,
hadi kwenye kila mfereji.
Mifereji ilikuwa mikavu tangu Jumanne.
Kwenye miwani ilitiririka.

Siku ya kuutetea mradi, Dokta Mwachofi alikunja mikono ya shati,
akagusa.
Hapana kitu.
Akagusa tena, kama abishaye hodi kwa mdeni wake.
Vidole vikavu, vya chaki na kiyoyozi.
Nilitaka kumweleza: kioo hiki chataka unyevu,
ngozi kavu haishiki mwanga,
lakini ulimi nao ulinikauka.
Wenzake wawili wakajaribu.
Meza ikawatazama isiwaone.

Ndipo akaingia Bi Mwanahalima kudai chake,
viazi karai vya wiki mbili, mia tatu na sitini.
Mlango u wazi, naye si mtu wa kungoja.
"Hii nini? Meza au runinga?"
Akaweka mkono.

Vidole vitano vya mafuta, unga wa dengu kwenye kucha,
na meza ikaamka yote.
Mtaa ukamjia mkononi.
Akauvuta, akaugeuza, akaupanua
kama asukumaye chapati,
akafika nyuma ya msikiti, kwenye kichochoro chake,
akasita.

"Hapa nani kawaambia pana bomba?"
Ramani ya kaunti, tukasema.
"Hapa hapana bomba. Walichimba shimo mwaka wa uchaguzi,
wakapigwa picha, wakalifukia."

Tukamvisha miwani juu ya mtandio.
Akainama. Akayatazama maji yale
yakipita mlangoni pake,
mengi, safi, bila sauti.
Mkono wake ukateremka kuyachota.

Hatukucheka. Hata Dokta.

Akavua miwani, akaifuta kwa leso.
"Mazuri," akasema.
"Haya, nipeni changu niuwahi mkokoteni,
mtungi umefika hamsini."

Jioni ile tulilifuta bomba lake.
Kisha Swabra akashika daftari, mlango kwa mlango,
akirudi na majina ya mabomba mengine yasiyokuwapo,
na samawati ikapungua juu ya kioo
hata nikamwambia Tsuma, tukiendelea hivi
tutabaki na meza tupu.
Akasema, basi itakuwa kweli.

Tulipata sitini na moja.
Kwenye ripoti, chini ya "Upungufu", nilikuwa nimeandika:
*Meza huwaona vizuri zaidi
watu ambao mikono yao imetoka kazini.*
Dokta aliuzungushia mstari mwekundu sentensi ule,
akaandika pembeni:
fafanua.