Ijumaa Sabini na Nane

Mtaa unaitwa Fedha, lakini langoni pake
tulikaa mikono mitupu, beseni zimefunika magoti,
mimi, Syombua, na yule wa Kitale asiyetaja jina.
Mlinzi alituhesabu kama anavyohesabu pakiti za maziwa.
Gari likipunguza mwendo, sote wima.
"Unafua?" Nafua.
"Na mablanketi?" Pia.
"Mia tatu." Haya.
Jioni nilirudi Pipeline na vidole vilivyokunjamana,
na sabuni iliyoingia kwenye ufa wa kidole gumba
ikalala humo kama mpangaji asiyelipa.

Benki waliwahi kuniuliza dhamana.
Nikatazama viganja.
Mhudumu akacheka kwa adabu, akaita nambari iliyofuata.

Mashine ililetwa Jumanne, mvua ikinyesha,
ikawekwa chumba kilichokuwa cha kinyozi,
kioo chake kingali ukutani,
hivi kwamba kila nikiinama kupakia nguo
kuna mwanamke mwingine anainama nami.
Ubavuni, karatasi inayong'aa: MALI YA KAMPUNI.
Okumbe, wakala, akanisomea mkataba,
kidole chake kikitembea mstari kwa mstari:
mia tisa kila Ijumaa, Ijumaa sabini na nane.
Ikiharibika, fundi ni wetu.
Ukikosa mara tatu, tunakuja na pikapu.
Ukimaliza, ni yako.
"Na dhamana?"
"Si hii hapa," akasema, akaipiga kofi mgongoni
kama mtu anayeuza ng'ombe.

Mama akapiga simu kutoka Nyamache.
"Bosibori, nguo ya kuazima haisitiri matako."
Mama, hii si nguo. Hii ndiyo inayofua nguo.
Akanyamaza. Nikasikia kuku wake,
kisha salio likamwishia.

Nikajifunza lugha yake.
Ikinguruma hivi, imeshiba.
Ikigongagonga, kuna sarafu mfukoni mwa mtu.
Sarafu narudisha. Noti pia.
Mara moja sikurudisha,
na Jumapili ile kanisani nilifungua kinywa bila sauti.
Mali bila daftari huisha bila habari,
basi nikanunua daftari la mtoto, lenye jedwali la kuzidisha nyuma:
maji mitungi sita, tokeni za umeme, sabuni, shuka za wa orofa ya tano
ambaye hulipa nusu na kuahidi nusu,
na chini kabisa, kwa wino mwekundu, Ijumaa.

Ijumaa ya thelathini na moja transfoma ililipuka.
Siku tisa giza.
Mashine imekaa kimya, nyeupe,
kama mgeni anayesubiri chai.
Ijumaa haikujua kwamba umeme umepotea.
Nikachukua beseni, nikarudi lango la Fedha,
nikafua mablanketi kwa mikono
ili nilipie mashine ya kufua.
Syombua alicheka mpaka akakaa chini.
Nami nikacheka.
Kisha mmoja wetu akaacha kucheka,
na mwingine akamwachia sabuni iliyobaki.

Ya sabini na nane, Okumbe alikuja na kisu kidogo.
Akabandua ile karatasi polepole, kama anayechuna samaki,
akaikunja, akaitia mfukoni, akaomba maji ya kunywa.
Imeacha mraba mweupe kuliko mwili wote.
Nimeusugua kwa soda, kwa ndimu. Haufutiki.
Wateja huuliza hapa palikuwa na nini.
Nawaambia, dirisha.

Ijumaa iliyofuata, saa nne asubuhi,
kidole kilienda simuni chenyewe.
Hakuna wa kumtumia.
Mia tisa ikabaki inanitazama, nami naitazama,
kama watu waliosahau kwa nini walikuwa wakigombana.
Nikashuka dukani, nikanunua mafuta ya kujipaka,
kopo kubwa, lile ambalo muuzaji hupanda kiti kulifikia,
nikakaa mlangoni niupake ule ufa wa kidole gumba.

Kumbe ulishajifunga.
Sijui ni Ijumaa ya ngapi.